Samuel Wanjiru Anastahili Jumba la Magwiji, Kasoro Iko Kwenye Kanuni

Leo naweka kando mambo ya seva na simu, naongea riadha. Lakini msikimbie. Nitarudi kwenye programu kabla hatujafika mbali, kwa sababu jambo lenyewe lina kasoro ambayo yeyote aliyewahi kuandika programu ataitambua mara moja.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, nilikuwa kwenye hoteli moja ya chai hapa Embu mjini, si mbali na uwanja wa Moi, nikitazama marathoni ya wanaume ya Olimpiki ya Paris. Wengi wetu tulikuja kwa ajili ya Eliud Kipchoge. Kipchoge akaachwa, akaanza kutembea, mwishowe akajitoa. Hoteli ikapoa. Watu wakarudi kwenye mandazi yao. Tamirat Tola wa Ethiopia akamaliza wa kwanza kwa 2:06:26, na ikatangazwa kwamba hiyo ni rekodi mpya ya Olimpiki.

Kijana mmoja aliyekaa meza ya pili akauliza, "Na ile ya zamani ilikuwa ya nani?"

Mzee mmoja akasema ya Kipchoge. Mwingine akasema ya Bekele. Mimi nikasema, "Ya Wanjiru."

Kijana akanigeukia. "Wanjiru gani? Kwani wanawake walikimbia na wanaume?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani sikuwa nacheka tena. Rekodi ya Samuel Wanjiru ilikuwa imekaa miaka 16. Olimpiki ya London, Rio na Tokyo zote zilipita bila mtu kuigusa. Siku ilipovunjwa, ilivunjwa kwa sekunde 6 tu, na kwenye meza tatu za Wakenya hakuna aliyemtaja mwenyewe. Ndipo nikaanza kujiuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: mwanamichezo akifariki katikati ya kazi yake, anastahili kuingizwa katika jumba la magwiji wa mchezo wake, au tunamwonea huruma tu?

Jibu langu ni kwamba Wanjiru anastahili, na si kwa huruma. Nitaeleza.

Alfajiri ya Beijing

Tarehe 24 Agosti 2008 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mbio zilianza saa moja unusu asubuhi kule Beijing, maana yake saa nane unusu usiku kwetu. Baba aliniamsha. Televisheni yetu ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, na antena yake ilihitaji mtu wa kuishika mara kwa mara. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Wakati huo sikuelewa nilichokiona. Nimekielewa ukubwani. Marathoni za Olimpiki na za ubingwa wa dunia hukimbiwa wakati wa joto, bila wakimbiaji wa kuvuta kasi, na kwa kawaida watu huviziana hadi kilomita za mwisho. Beijing kila mtu aliogopa joto na hewa chafu. Wanjiru, akiwa na miaka 21, akaondoka kwa kasi tangu mwanzo kana kwamba yuko kwenye marathoni ya mji wenye baridi. Mmoja mmoja wakamwachilia. Akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Jaouad Gharib wa Moroko, aliyekuwa bingwa wa dunia mara mbili, alifika sekunde 44 baadaye. Wa tatu, Tsegay Kebede wa Ethiopia, alitumia 2:10:00 kamili.

Rekodi ya Olimpiki kabla ya hapo ilikuwa 2:09:21 ya Carlos Lopes wa Ureno, iliyowekwa Los Angeles mwaka 1984. Wanjiru aliipunguza kwa dakika 2 na sekunde 49. Na kwa sisi Wakenya kulikuwa na kubwa zaidi. Tulikuwa tumepata fedha ya Douglas Wakiihuri mwaka 1988, shaba na fedha za Erick Wainaina mwaka 1996 na 2000, lakini dhahabu ya marathoni ya Olimpiki hatukuwa nayo hata moja. Leo mtu akisikia hivyo haamini. Tulikuwa taifa la mbio ndefu ambalo halijawahi kushinda mbio ndefu kuliko zote za Olimpiki, mpaka kijana wa Nyahururu alipoileta.

Tarehe 15 Mei 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Nyahururu. Alikuwa na miaka 24.

Kanuni yenyewe

Sasa turudi kwenye jumba. Shirikisho la riadha duniani, ambalo wakati huo liliitwa IAAF na tangu 2019 linaitwa World Athletics, lilianzisha jumba lake la magwiji mwaka 2012 lilipotimiza miaka 100. Ni orodha ya heshima: watu ambao mchezo umeamua hawatasahaulika. Kundi la mwaka huo lilikuwa na Jesse Owens, Paavo Nurmi, Emil Zátopek, Abebe Bikila, na Kipchoge Keino wetu.

Masharti yaliyotangazwa, nikiyaandika kama programu, ni haya:

kama (dhahabu >= 2) na (rekodi_za_dunia >= 1) na (miaka_tangu_astaafu >= 10)
basi: anafaa kujadiliwa
la sivyo: hapana

Dhahabu zinazohesabiwa ni za Olimpiki au ubingwa wa dunia. Mjaribu Keino: dhahabu ya mita 1500 mwaka 1968, dhahabu ya kuruka viunzi na maji mita 3000 mwaka 1972, rekodi za dunia za mita 3000 na 5000 mwaka 1965. Anapita bila shida.

Mjaribu Wanjiru. Rekodi ya dunia: anayo. Alivunja ya nusu marathoni akiwa na miaka 18 kwa 59:16 kule Rotterdam mwaka 2005, na mwaka 2007 akafikisha 58:33 kule The Hague. Dhahabu: moja. Programu inasema hapana.

Na hata angekuwa na dhahabu kumi, kuna tatizo la tatu. Alistaafu lini? Hakustaafu. Kile kisanduku cha tarehe ya kustaafu katika hifadhidata ni kitupu. Wenzangu wa programu mnajua kinachotokea ukitoa tarehe ya leo kwa kisanduku kitupu. Programu nzuri inalalamika. Programu mbaya inanyamaza na kurudisha jibu la uongo, na jibu hilo la uongo linabaki hapo miaka na miaka kwa sababu hakuna aliyeona kosa. Aliyeandika kanuni alimfikiria mtu wa kawaida: anakimbia, anazeeka, anastaafu, anasubiri. Aliyefariki kazini hakumfikiria.

Wazo hili si langu la kwanza duniani. Besiboli ya Marekani iligonga mwamba huu huu. Roberto Clemente wa Puerto Rico alifariki kwenye ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada kwa waathiriwa wa tetemeko la ardhi Nikaragua. Sheria ilitaka mchezaji asubiri miaka 5 baada ya kustaafu. Waliiweka kando, akaingizwa mwaka 1973, na baadaye sheria yenyewe ikarekebishwa ili mchezaji aliyefariki aweze kufikiriwa baada ya miezi 6. Kabla yake kulikuwa na Addie Joss, mrushaji aliyefariki mwaka 1911 akiwa amecheza misimu 9, na sharti ni misimu 10. Alikaa nje mpaka 1978 walipomwondolea sharti hilo. Mchezo mzima ulichukua miaka 67 kukubali kwamba msimu wa kumi haukukosekana kwa uvivu wake.

Hata hoki ya barafu, mchezo ambao hapa Embu tunauona kwenye filamu tu, ina kisa chake. Valeri Kharlamov wa Muungano wa Kisovieti alifariki kwenye ajali ya gari mwaka 1981 akiwa na miaka 33 na bado anacheza. Jumba la hoki lililoko Toronto lilimwingiza mwaka 2005, ingawa hakuwahi kucheza hata mechi moja katika ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini. Waliangalia alichofanya, si mahali alipopaswa kufanyia.

Tatizo la kuhesabu dhahabu

Mwenzangu wa ofisini, ambaye ni mkubwa kwangu kiumri na ni mkali kwa hoja, aliniambia: "Kijana, kanuni ni kanuni. Dhahabu mbili ni mbili. Ukianza kupunguza kwa marehemu hujui utaishia wapi."

Nikamuuliza: Wanjiru alipata nafasi ngapi za kushinda dhahabu ya marathoni?

Tuhesabu pamoja. Alikimbia marathoni yake ya kwanza Fukuoka, Desemba 2007, akashinda. Alifariki Mei 2011. Katikati kulikuwa na Olimpiki moja tu, ile ya 2008, na ubingwa wa dunia mmoja tu, ule wa Berlin 2009, ambao hakushiriki. Olimpiki moja, dhahabu moja. Kwa lugha ya majaribio ya programu, hiyo ni asilimia mia.

Na tuangalie upande wa pili. Katika historia yote ya Olimpiki, wanaume walioshinda marathoni mara mbili ni watatu: Abebe Bikila, Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki, na Eliud Kipchoge. Watatu, tangu 1896. Mkimbiaji wa mita 100 anaweza kuongeza mita 200 na kupokezana vijiti, akarudi nyumbani na dhahabu tatu kwa wiki moja. Mkimbiaji wa marathoni anapata moja, kisha anasubiri miaka minne. Sharti la dhahabu mbili linaonekana sawa kwa wote, lakini halina uzito sawa kwa wote.

Wala si marehemu peke yao wanaonaswa na sharti hili. Mfikirie Henry Rono. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5000, mita 3000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3000. Kenya ilisusia Olimpiki ya 1976 na ile ya 1980, na ubingwa wa dunia wa riadha ulianza 1983. Kwa hiyo dhahabu zake ni sifuri, na programu inamwambia hapana. Rono aliishi hadi Februari 2024. Mlango wake haukufungwa na kifo, ulifungwa na wanasiasa, lakini kanuni haijui tofauti. Kanuni inahesabu kilichomo kwenye kapu, haiulizi kama soko lilikuwa wazi.

Hoja ya "angekuwa"

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mashabiki wa Wanjiru ndio wanaomharibia.

Ukiwauliza kwa nini anastahili, watasema: angeshinda London 2012. Angevunja rekodi ya dunia. Angekuwa mkubwa kuliko Kipchoge. Nakubali inawezekana. Lakini inawezekana pia angeumia goti na tusimsikie tena. Aprili 2010 alijitoa London Marathon kwa sababu ya goti hilo hilo. Hatujui. "Angekuwa" haina kikomo. Kila kijana aliyefariki anaweza kupewa medali zote za dunia kwa neno hilo moja. Jumba likianza kuingiza watu kwa "angekuwa" litakuwa jumba la ndoto.

Kwa hiyo mimi natumia jaribio moja rahisi. Futa neno "angekuwa". Chukua siku aliyofariki, kisha ujifanye kwamba siku hiyo aliita waandishi wa habari akasema, "Nimestaafu, naenda kufuga ng'ombe." Rekodi yake ni ile ile, ila sasa yuko hai na amekaa mbele yako. Ungempa heshima hiyo?

Tufanye hivyo kwa Wanjiru. Marathoni 7. Ushindi 5: Fukuoka 2007, Beijing 2008, London 2009, Chicago 2009, Chicago 2010. Nafasi ya pili mara moja, London 2008, kwa 2:05:24, nyuma ya Martin Lel kwa sekunde 9. Kujitoa mara moja. Mshindi wa jumla wa World Marathon Majors mara mbili mfululizo. Rekodi za dunia za nusu marathoni. Rekodi ya Olimpiki iliyodumu miaka 16. Dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki kwa Kenya.

Na kuna jambo lisiloandikwa kwenye jedwali. Kabla yake marathoni ilikuwa kama nyumba ya uzeeni ya wakimbiaji wa uwanjani. Paul Tergat na Haile Gebrselassie waliihamia baada ya kung'ara kwenye mita 10,000. Wanjiru aliifanya kazi ya ujana, akaivamia akiwa na miaka 21. Kijana wa leo anayeingia marathoni moja kwa moja bila kupitia uwanjani anapita njia ambayo Wanjiru aliisafisha mbele ya macho ya dunia.

Na hapa ndipo panaponifurahisha. Masharti ya 2012 yana kigezo cha pili: kwamba mafanikio ya mwanariadha yawe yameacha alama ya pekee katika mchezo. Kwa maneno mengine, walioandika programu waliweka mlango wa pembeni. Simwombei Wanjiru apewe msamaha. Naomba mlango uliopo ufunguliwe. Na tarehe ya kustaafu ijazwe ile siku aliyofariki, 15 Mei 2011. Miaka 10 ilitimia tarehe 15 Mei 2021.

Pingamizi mbili

La kwanza ni la yule mwenzangu. Alisema: aliyefariki kijana hana siku mbaya. Hatukumwona akizeeka, hatukumwona akiachwa. Kipchoge tumemwona akitembea Paris. Si haki kumlinganisha aliyegandishwa kwenye kilele chake na aliyeshuka mbele yetu.

Ni hoja nzito na ilinilaza macho. Lakini jumba la magwiji halitoi alama za kupunguza. Kule Paris Kipchoge alipoteza nini? Dhahabu zake za Rio na Tokyo bado ni zake. Hakuna kamati itakayosema, "Tuondoe moja kwa sababu ya Paris." Kama kuzeeka hakumpunguzii aliye hai, basi kutozeeka hakumwongezei marehemu. Hesabu inasimama.

La pili ni gumu zaidi, na sitalikwepa. Desemba 2010 Wanjiru alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa madai ya kumtishia mkewe na kuwa na bunduki kinyume cha sheria. Alikana. Miezi michache baadaye akafa, na mazingira ya kifo chake yakabishaniwa kwa miaka. Wapo wanaosema mtu huyo hafai kuwekwa mbele ya watoto.

Siwezi kusema ni mambo ya nyumbani, yaachwe. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, 30:01. Alikuwa na miaka 25. Baada ya Tirop hakuna Mkenya mwenye haki ya kusema vitisho vya nyumbani ni jambo dogo. Ninachosema ni kwamba orodha hii hupima mbio, na ikitaka kupima maisha basi ipime ya wote waliomo, walio hai na waliokufa, kwa kipimo kimoja. Na aandikwe mzima: mbio zake na mashtaka yake kwenye ukurasa mmoja. Kumweka jumbani si kumtangaza mtakatifu. Ni kukataa kumsahau.

Jaribio likinigeuka

Programu haiaminiki mpaka uijaribu kwa data usiyoipenda. Kwa hiyo nimejaribu kanuni yangu kwa wengine wawili.

Kelvin Kiptum alifariki kwenye ajali ya barabarani karibu na Kaptagat tarehe 11 Februari 2024, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Marathoni 3, ushindi 3: Valencia 2022 kwa 2:01:53, London 2023 kwa 2:01:25, Chicago Oktoba 2023 kwa 2:00:35, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia. Siku aliyofariki, nyakati zake zote tatu zilikuwa ndani ya saba bora za historia. Hakuwahi kukimbia Olimpiki wala ubingwa wa dunia. Futa "angekuwa", futa ahadi ya kukimbia chini ya saa 2 kule Rotterdam. Kinachobaki ni mbio tatu. Ni mbio tatu za ajabu, ambazo London na Chicago alikimbia nusu ya pili chini ya dakika 60. Moyo wangu unasema aingie leo. Jaribio langu linasema subiri. Ule muda wa miaka 10 sitaki uondolewe, kwa Kiptum wala kwa yeyote, kwa sababu machozi si kipimo kizuri. Februari 2034 tutajua kama kukimbia nusu ya pili kwa namna ile kumekuwa kawaida ya mchezo. Kama kumekuwa, basi aliacha alama, na mlango ni wake. Rekodi ikiwa bado ipo au ishavunjwa, hilo halibadilishi kitu.

Tirop ananitesa zaidi. Bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015 akiwa kijana mdogo, shaba mbili za dunia za mita 10,000 mwaka 2017 na 2019, rekodi ya dunia. Nikifuta "angekuwa", nafika mpakani kabisa na sipati jibu. Ningetaka kanuni yangu imwingize. Hainiambii ndiyo, hainiambii hapana. Naliacha hivyo hivyo, kwa sababu kanuni ninayoipinda kila inaponiumiza haitakuwa kanuni.

Wanjiru hayuko mpakani. Yeye amepita.

Kwa nini nasumbuka

Mtaniuliza inamhusu nini mtengeneza programu wa Embu. Kaburi halisomi orodha. Familia hailishwi na jina jumbani.

Jibu ni yule kijana wa meza ya pili. Rekodi ndiyo iliyokuwa ikilibeba jina la Wanjiru. Kila baada ya miaka minne mtangazaji alilazimika kulitaja: "rekodi ya Olimpiki, 2:06:32, Samuel Wanjiru, Beijing." Tangu tarehe 10 Agosti 2024 halazimiki tena. Mwanariadha aliye hai akivunjiwa rekodi bado ataalikwa kwenye runinga, atafundisha vijana, ataonekana akipiga bastola ya kuanzisha mbio shuleni. Marehemu hana mahali pengine pa kukaa isipokuwa kwenye kumbukumbu tunazoziandika wenyewe. Na sisi tunaoshughulika na data tunajua: kitu kisichohifadhiwa makusudi hupotea bila kelele.

Asubuhi nikienda kazini nawaona vijana wakizunguka uwanja wa Moi, wengine na raba zilizochanika, wakikimbia kwenye ukungu unaoshuka kutoka Mlima Kenya. Wanalijua jina la Kipchoge. La Kiptum wanalijua. Juma lililopita nilimsimamisha mmoja nikamuuliza ni Mkenya gani wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Akafikiri, akahema, akasema, "Si ni Kipchoge, bro?"

Nikamwambia jina. Akalirudia mara moja, akaendelea na mzunguko wake.

Mwenye hoja tofauti aje nayo, hasa kuhusu Tirop. Wiki ijayo tunarudi kwenye seva.